Fungate la Ulaya kwa Bei ya Punguza

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa chini ya meza yangu ya kazi, nimejikunja kama jongoo, najifanya natafuta kalamu.

Sababu mnaikumbuka. Mlango wa kioo wa ofisi yetu ya tiketi ulifunguka, akaingia mtalaka wangu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Punguza, maana hajawahi kununua hata kiberiti bila kusema "punguza". Na aliyemshika mkono alikuwa Kucha.

Kwa mgeni anayetusoma leo kwa mara ya kwanza: Kucha alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Nilimtafutia kazi hapa hapa ofisini, nikamkalisha kando ya kiti changu, nikamfundisha kukata tiketi. Yeye muda wote alikuwa anapaka rangi kucha na kuzipuliza. Siku aliyoacha kazi aliondoka na mume wangu.

Basi niko chini ya meza. Mara sauti ikashuka kutoka juu.

"Shoga, kalamu iko sikioni kwako."

Nikainuka. Kweli ilikuwa sikioni. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka, hata yule bibi aliyekuja kulalamikia begi lake lililopotea.

Kucha akavuta kiti bila kukaribishwa. Akazipanga kucha zake juu ya meza yangu kama anayeziuza. Safari hii zilikuwa za dhahabu.

"Tumekuja kwako kwa sababu tunakuamini," akasema, meno yote nje. "Tunaenda fungate. Ulaya."

"Ulaya ipi?"

"Kwani ziko ngapi?" Punguza akadakia. "Ile ya bei poa."

Nikamtupia jicho Meneja wetu, nikitumaini ataona aibu kwa niaba yangu, aniambie nenda kapumzike, nitawahudumia mimi. Meneja akajipapasa tai.

"Mteja ni mteja," akasema. "Na wewe unajua kampuni yetu inahudumia kwa tabasamu."

Nikatabasamu. Tabasamu lile mngeliona, mngeita polisi.

"Mimi nataka mnara," Kucha akaanza. "Nataka theluji. Halafu nataka ule mji ambao barabara zake ni maji. Niko kwenye mashua, nimevaa koti jeupe, nywele zinapepea, huyu hapa ananipiga picha."

"Paris na Venisi," nikasema.

"Hayo majina utayajua wewe. Mimi nimesema mashua."

"Mnataka kwenda lini?"

"Desemba. Sikukuu."

"Desemba bei zinapaa. Kila mtu anasafiri."

Punguza akashtuka kama aliyekanyaga moto. "Basi si Desemba! Lini hazipai?"

"Februari. Katikati ya wiki. Shule hazijafungwa, watu wako makazini, ndege zinaruka na viti vitupu."

"Hapo! Tena iweke katikati kabisa ya wiki, hapo kwenye kiini."

"Februari si baridi kali?" Kucha akauliza.

"Theluji si umeitaka wewe?" nikamjibu kwa upole.

Nikawageuzia kioo cha kompyuta. Safari ya ndege moja hadi Paris, treni mpaka Venisi, kurudi nyumbani kutokea huko huko Venisi bila kurudi nyuma. Ndiyo njia ninayompangia mtu ninayempenda. Haimpotezei siku njiani wala haimlazi uwanjani.

Punguza alipoiona bei akashika kifua.

"Punguza."

"Mume wangu jamani," Kucha akacheka, "kompyuta haipunguzi!"

"Haipunguzi yenyewe, lakini huyu anaijua. Nimekaa naye miaka mingi, namjua. Mama Bibie, tafuta njia nyingine hapo."

Mama Bibie. Ndivyo alivyokuwa akiniita enzi za ndoa yetu. Bibie ni jina la nyumbani la binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Mwanamume amekaa mbele yangu, kiganja chake juu ya goti la mwanamke mwingine, na ananiita jina lile lile alilokuwa akiniita akitaka chai.

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti naye akakaa.

"Njia nyingine ipo," nikasema.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu haya ndiyo niliyokuja kuyaungama. Njia ile ilikuwa ya tiketi mbili zisizojuana. Ya kwanza inakushusha kwenye mji mmoja mkubwa wa njiani. Ya pili inakuchukua kutoka mji huo huo, lakini kwenye uwanja mwingine kabisa, upande wa pili wa mji. Mji wenyewe siutaji.

Ukibadilisha ndege ndani ya uwanja mmoja, mara nyingi hutoki nje ya geti. Ukibadilisha uwanja, huna budi kutoka. Kutoka ni kuingia nchi ya watu. Na nchi ile ina viza yake peke yake. Ile ya kwenda Paris na Venisi wanaiangalia tu, wanakurudishia. Bila karatasi yao ya kupita, hutoki. Unakaa kwenye kiti cha chuma, ndege yako ya pili inaruka bila wewe, halafu wanakupakia kwenye ya kwanza itakayorudi kwenu.

Na tiketi za aina hiyo hazirudishiwi fedha wala hazibadilishwi. Ndiyo maana ni rahisi.

Wakala mwenye dini humwambia mteja yote hayo kabla hajalipa. Mimi siku ile ulimi ulikufa ganzi.

"Hapa mtapita mji mmoja hivi katikati," nikasema. "Mnashuka, mnapanda nyingine."

"Kama kubadilisha basi tu?" akauliza Punguza.

"Kama kubadilisha basi."

Alipoiona bei akapiga meza kwa furaha. Kucha yeye akainama, akakitazama kioo. Akakitazama tena. Nikabana pumzi.

"Eti," akasema, "gundi ya kucha inaruhusiwa kwenye begi la mkononi?"

Nikaachia pumzi. Kichwa kile nilikijua, hamna kitu ndani ila rangi.

"Kichupa kidogo tu," nikamwambia. "Safari njema, shoga."

Niwaambie ukweli, wiki zilizofuata nilinenepa. Kila siku Kucha alikuwa akirusha picha mtandaoni kuonyesha koti jeupe, buti nyeupe, glavu nyeupe. Mie nikiziona nasema moyoni, nunua dada, nunua, hilo koti utalilalia sakafuni. Nilikuwa naoga huku naimba. Jino lililokuwa likinisumbua tangu talaka nikaenda kuling'oa, na hata kwa daktari nilicheka.

Raha ya namna ile mtu huwezi kuila peke yako. Nikamnong'oneza Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama, ninayeishi naye. Na kumwambia Mama Mkubwa ni sawa na kuweka tangazo redioni. Jumanne, kesho yake ndiyo siku wanapaa, nyumba yangu ilijaa. Mashangazi walikuwepo. Fundi cherehani wa jirani alikuja na kazi yake mkononi. Mpaka mama mwenye duka alifunga duka. Viti vilikwisha, watu wakakalia mikono ya makochi.

"Tuonyeshe! Tuonyeshe itakavyokuwa!"

Mama Mkubwa akasimama katikati ya sebule na mfuniko wa sufuria mkononi. Yeye ndiye afisa wa mpakani. Fundi cherehani akajifunga shuka jeupe, akawa Kucha, akaja anatingisha nyonga.

"Karatasi!" akanguruma Mama Mkubwa.

"Hii hapa, afande, nimekuja kwenye mashua."

"Mashua? Hapa mashua yako ni kile kiti cha chuma! Kaa!"

"Na mume wangu?"

"Naye akae! Na akisema 'punguza' namwongezea siku!"

Tukacheka mpaka shangazi mmoja akatoka nje kuvuta hewa. Nilicheka machozi yakanitoka. Niliona haki yangu imekuja kwa miguu yake, imeingia, imevua viatu, imekaa nami kwenye kochi.

Ndipo mlango ukafunguliwa.

Bibie alisimama pale, ametoka kusukwa, anavuta sanduku jipya lenye magurudumu. Amemaliza shule mwaka jana, ametimiza miaka kumi na minane, anangoja matokeo. Mwilini alikuwa na koti zito. Jeupe.

"Mama!" akaruka. "Nilishindwa hata kulala kwa kukuficha! Naenda Ulaya!"

Mama Mkubwa akauficha mfuniko mgongoni.

"Unaenda na nani?"

"Na Baba na Mama Mdogo! Kesho!"

Mama Mdogo. Kumbe ameshakuwa Mama Mdogo.

"Kwa njia gani?" Sauti yangu niliisikia kwa mbali. "Bibie, mnapita wapi?"

"Njia ile ile yao, ile uliyowatafutia wewe. Mama Mdogo alimpigia Meneja wako siku uliyokwenda kung'oa jino, akanikatia tiketi kama zao. Akasema wewe usiambiwe, iwe zawadi. Pasi na viza ya Ulaya amenishughulikia yeye mwenyewe. Mama, mbona hucheki?"

Mfuniko ukamponyoka Mama Mkubwa, ukaviringika mpaka miguuni kwa Bibie, ukaanguka kwa kishindo. Nyumba nzima ikanigeukia mimi.

"Huendi," nikasema.

Uso wake ukabadilika taratibu.

"Nilijua," akasema. "Baba aliniambia utanizuia. Alisema wivu wako utakutuma uniharibie hata mimi."

"Siyo wivu, mwanangu."

"Ni nini basi? Nipe sababu moja."

Sababu ninayo, na wote mle ndani wanayo, wametoka kuiigiza na mfuniko wa sufuria. Nimwambieje? Kwamba mama yake amewatega watu wawili, na wa tatu aliyenasa ni yeye? Nikatazama zile nywele zilizosukwa vizuri na lile koti. Sikuweza.

"Ngoja," nikamwambia. "Nakuja."

Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikafungua bomba wasinisikie. Nikampigia Kucha.

Akapokea upesi, kama aliyekuwa ameikalia simu.

"Eeh, shoga yangu! Umeshaiona zawadi?"

"Kucha, nisikilize. Mtoto asisafiri. Tiketi zina tatizo."

"Tatizo? Tatizo gani tena? Mimi sijui mambo hayo, nieleze."

Nikamweleza. Wenzangu, nilimweleza yote. Kwamba ni viwanja viwili na viza mbili. Kwamba nilijua nikanyamaza. Nikasema kwa mdomo wangu huu, "Nilitaka mkwame. Nilitaka mlale sakafuni mtie akili. Lakini si yeye, Kucha, si mwanangu." Nililia. Nilimwomba yeye, yule yule aliyenivunjia nyumba, na sikuona haya.

Nilipomaliza, hakushtuka. Kisha nikamsikia akipuliza. Fuu, fuu. Alikuwa anakausha kucha.

"Vizuri," akasema. "Nilikuwa nasubiri uyaseme mwenyewe. Nimeyajua tangu siku ile pale mezani."

"Unasemaje?"

"Nimesema nimeyajua. Kiwanja cha kushukia hiki, cha kupandia kile. Nani alinifundisha kuangalia vile vifupisho vya viwanja kabla ya kuangalia bei? Si wewe? Ulidhani nikipaka rangi masikio yanaziba?"

Nikakaa kwenye ndoo.

"Mbona ulilipa?"

"Kwa sababu bei kweli ni nzuri, shoga. Mimi na mume wetu karatasi za kupita tunazo, nilizishughulikia mapema. Yeye hata hajui alitia sahihi kwenye nini, anachojua ni bei. Tutatoka uwanja ule tunapunga mkono."

"Na Bibie?"

Fuu. Fuu.

"Bibie hana."

"Kucha!"

"Wewe ndiye uliyeutega mtego. Mimi nimeuongezea mtu mmoja tu. Miezi yote nimeishi na jina la mwizi, kila ninakopita mashangazi zako wanatema mate. Sasa na wewe nenda ukamwambie mwanao kwa nini asipande. Nataka ajue mama yake ni mtu wa namna gani. Au mwache apande, akajue huko huko. Chagua."

Akakata.

Nilikaa pale, maji yanamwagika. Kama kuna aliyekuwa na kisu, basi nilikuwa nimekinoa mimi, nikampa na mpini. Nikaapa, wallahi nikaapa, kwamba mwanamke yule nitamfuata mpaka kwenye hiyo mashua yake. Lakini kwanza mtoto.

Nikanawa uso. Nikaamua kumwambia. Anichukie, anitukane mbele ya mashangazi zake, alale njaa wiki nzima kwa hasira. Akiwa hapa.

Nikafungua mlango.

Sebule ilikuwa na sauti moja tu, nayo ilikuwa yangu.

"...Nilijua nikanyamaza. Nilitaka mkwame. Nilitaka mlale sakafuni..."

Ilikuwa inatoka kwenye simu ya Bibie. Kucha alikuwa amenirekodi. Amekata vizuri, kama anavyokata kucha. Pale niliposema "si mwanangu" hapakuwepo. Pale yeye aliposema Bibie hana karatasi hapakuwepo.

Bibie akaizima. Hakulia. Afadhali angelia.

"Mama Mdogo alipompigia Meneja siku ile," akasema polepole, "Meneja aliuliza kama njia hii ni salama. Mama Mdogo akajibu ni salama, ametupangia Mama Bibie mwenyewe. Mimi nilikuwa pembeni. Nilijivuna, Mama. Nilijivuna kwa ajili yako."

"Mwanangu, hujasikia yote. Huna karatasi ya kupita. Wao wanazo, wewe huna. Amesema mwenyewe sasa hivi!"

Akanionyesha simu. Chini ya ile sauti palikuwa na maneno: "Usiogope, kipenzi. Mama Mdogo alishagundua mapema, karatasi zako ziko kwangu pamoja na zetu. Baba yako anakuja kukuchukua. Usimkasirikie sana mama."

"Anadanganya!" nikapiga kelele. "Ni mwongo huyo! Huna karatasi!"

"Nani mwongo, Mama?"

Nikawageukia wale waliojaa nyumbani kwangu. "Mwambieni! Mama Mkubwa, mwambie!"

Mama Mkubwa akainama kuokota mfuniko. Atamwambia nini? Yeye alichokijua ni mtego wangu tu. Huo wa Kucha niliusikia mimi peke yangu, chooni, bomba likiwa wazi. Fundi cherehani akaanza kulifungua lile shuka jeupe kiunoni, kimyakimya.

Nje ikalia honi. Fupi, ya kubania. Punguza.

"Naenda," Bibie akasema. Akainua mpini wa sanduku.

"Ukipanda ndege hiyo watakuacha peke yako kwenye nchi ya watu! Bibie, naomba! Niite mchawi, nipige, lakini usiende!"

"Mama, niachie."

Nilikuwa nimelishika sanduku upande wa pili. Sikujua nimelishika saa ngapi. Yeye anavuta, mimi navuta, magurudumu yanalia sakafuni, na hakuna hata mmoja katika nyumba iliyojaa watu aliyenyanyuka kunisaidia mimi wala kumsaidia yeye.

Mlango ukafunguka. Hakuwa Punguza.

Alikuwa Kucha, ndani ya koti lake jeupe, rangi ya kucha zake bado mbichi. Akanitazama mimi, akamtazama Bibie, akanyoosha mkono.

"Njoo, mwanangu," akasema. "Nyote wawili acheni kuvutana. Bibie, sema mwenyewe unataka kuwa wa nani."

Bibie akaacha kuvuta. Akaniangalia machoni, vidole vyake vikiwa bado kwenye mpini, akafungua mdomo kujibu.